Majike sita tangi moja (shajara, naongeza nikipata muda)

Kabla ya samaki

Hii yote imeanzia kwa fundi vioo wa hapa mtaani Tabata. Kuna mtu aliagiza tangi la samaki akalipa nusu akapotea, tangi likabaki pale kibandani limejaa vumbi na vipande vya vioo, kila nikipita naliangalia. Siku moja nkauliza bei, akataja, nkajifanya naondoka, akataja nyingine. Sentimita 90 kwa 40, kimo 35. Ukipiga hesabu ni lita 126 ila ukitoa mchanga na nafasi ya juu unabaki na kama lita 100 za maji yenyewe.

Sasa mi nimefuga faita, wale samaki wadogo wa urembo wanaopigana, kwa miaka kadhaa, dume mmoja kwenye chombo chake, mwingine kwenye chombo chake, hao hata hawana mjadala, ukiweka madume wawili pamoja unajua nini kitatokea. Ila majike nilishasikia wanaweza kukaa kundi, ukiwa na nafasi, ukiwa na vichaka vya kutosha na ukiwa na bahati. Nafasi ninayo, vichaka ntatafuta. Bahati sikuihesabu.

Maji yangu ni ya bomba, ya kisima cha hapa yana chumvi chumvi hata chai haikubali. Nayajaza kwenye ndoo nayaacha wazi usiku mzima klorini itoke. Filta ni ya sponji na pampu ndogo ya hewa, na sponji sikuanza na mpya, niliomba kwa jamaa yangu mwenye tangi la siku nyingi tukabadilishana, yeye akachukua mpya mi nkachukua ile chafu yake. Uchafu ule ndo mali. Bakteria wanaokula amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, wanakaa mle, ukianza na sponji jipya unasubiri mwezi au mwezi na nusu ndo wajae.

Chini nimeweka mchanga wa mto nimeuosha mpaka mkono ukauma, na majani makavu ya mkungu. Huu huu mkungu wetu wa Pwani ambao watoto wanagonga kungu kwa jiwe wale kile kiini. Kumbe wafugaji wa faita dunia nzima wanayanunua majani hayo kwenye pakiti, yanauzwa kwa kuhesabu, na sisi huku tunayafagia tunayachoma! Chukua yaliyoanguka yenyewe yakawa ya kahawia, osha, tumbukiza. Maji yanageuka rangi kama chai ya rangi, samaki wanatulia na vijidudu vinapungua kidogo. Wife alipoona akauliza hayo maji lini unabadilisha.

Jumamosi, siku ya 1

Nimeenda dukani nimerudi na sita. Nilimuuliza muuzaji mara mbili, akanambia "kaka hao wote majike, we usiwe na wasi, angalia mikia mifupi hiyo." Nkaangalia, mifupi kweli. Kwenye tumbo wote wana kile kidoa cheupe cha kutagia. Nkalipa.

Majina kayatoa binti yangu kabla hata hatujafika nyumbani. Yule mwekundu anayezunguka mfuko mzima kila saa ni Konda, maana kazi yake kupanga watu. Mkubwa wa bluu ni Bi Mkubwa. Mwenye mabaka mabaka ni Kitenge. Mweupe ambaye unamwona mpaka ndani kama mfuko wa nailoni ni Chumvi. Pili ni wa kijani, sijui kwa nini anaitwa Pili. Na wa mwisho, kijivu, kadogo, tumemwita Mdogo.

Nimewaingiza wote sita kwa mpigo, usiku, taa imezimwa. Hii ni muhimu sana jamani, usiweke mmoja leo na mwingine keshokutwa, yule wa kwanza anashajiona mwenye nyumba na huyu wa pili anakuwa mpangaji asiyelipa kodi.

Siku ya 2 hadi ya 4

Fujo. Wanakimbizana kuanzia asubuhi, mashavu yamefunuliwa, Konda akitoka huku anaenda kule, anampiga huyu anamfukuza yule. Nilishindwa kwenda kazini kwa wakati siku ya pili maana nimekaa kwenye kiti nahesabu mapezi.

Ila hiki kipindi ni cha kawaida, lazima wapange nani mkubwa nani mdogo. Ninachoangalia ni kwamba fukuza ikiwa fupi, sekunde mbili tatu, halafu aliyefukuzwa anaenda zake na anaendelea kula, hiyo poa. Ikiwa mmoja anafuatwa mpaka kwenye kona na akitoka anarudishwa, hiyo si poa. Mkia ukichanika kidogo unaota. Magamba yakitoka, ubavuni kukawa na sehemu nyeupe, mtoe huyo siku hiyo hiyo.

Na rangi inaongea. Jike akiwa na mistari ya kulala, ile myeusi inayotoka kichwani mpaka mkiani, ana hofu. Mistari ya kusimama ni habari nyingine kabisa, hiyo ni tayari kutaga. Siku ya 2 wote sita walikuwa na ya kulala. Siku ya 4 amebaki nayo Mdogo tu.

Siku ya 6

Leo nimegundua kitu cha kijinga. Kila jioni kuanzia saa moja hivi Bi Mkubwa anasimama upande wa kulia wa tangi anafungua mashavu, anapanda anashuka kwenye kioo kama kichaa, akitoka hapo ana hasira anampiga wa kwanza anayekutana naye. Nkadhani mgonjwa. Kumbe sebuleni kukiwa na giza na ndani ya tangi kuna taa, kioo kinakuwa kioo cha kujitazamia, anajiona mwenyewe anadhani ni jike la saba!

Nimefunika pande tatu kwa kanga ya wife. Jina la hiyo kanga silisemi, ila lilikuwa linawafaa kabisa hao samaki. Na taa ya tangi sasa naizima kabla sijazima ya sebuleni. Bi Mkubwa katulia ndani ya siku moja.

Siku ya 9

Konda amezidi. Amemchana Pili mkia, kipande kimetoka chenye umbo la V kama kimekatwa na mkasi, na Mdogo haonekani kabisa, yupo nyuma ya sponji kaganda pale, anapanda juu kuvuta hewa anarudi. Kwa wasiojua, faita anavuta hewa ya juu, ana kiungo juu ya matamvua kinachofanya kazi kama pafu, ndo maana anaweza kuishi kwenye maji ambayo samaki mwingine angekufa, lakini pia ndo maana akizuiwa kufika juu anaweza kufa maji. Samaki kufa maji, ndiyo. Kwa hiyo fukuza ya karibu na uso wa maji mi siichukulii poa hata kidogo.

Nimemtoa Konda. Yupo kwenye ndoo ya lita 10, jikoni, kafunikwa na chandarua maana wanaruka hawa.

Siku ya 11

Amani siku moja na nusu. Leo asubuhi Bi Mkubwa ndo Konda.

Yaani hivi hivi, mambo yale yale, kona zile zile. Shemeji alikuwepo akacheka, akasema "shem, umemfukuza mwenyekiti ukadhani umefuta cheo." Nkanyamaza kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Usiku nkakaa najiuliza hawa viumbe wana nini. Lakini ukiangalia walikotoka huwezi kuwalaumu. Asili yao Thailand, huko wanaitwa pla kat, maana yake samaki anayeuma, na watu wamewachagua kwa ajili ya kupigana kwa karne na karne. Utafiti wa jeni uliotoka 2022 unasema walianza kufugwa si chini ya miaka elfu moja iliyopita. Mwaka 2019 serikali ya Thailand ikamtangaza kuwa mnyama wa taifa wa majini. Sasa mtu ameichagua hasira miaka elfu, halafu mi nataka niifute kwa wiki mbili na majani ya mkungu.

Yule wa porini, wa kwenye mashamba ya mpunga na vidimbwi vyenye majani, akishindwa anakimbia, anapotea kwenye nyasi, ugomvi umeisha. Kwangu akikimbia anagonga kioo. Tatizo la tangi ni hilo kuliko tabia ya mtu mmoja.

Siku ya 13, nimevuruga nyumba

Leo ndo kazi nzuri mpaka sasa. Nimewatoa wote nimewaweka kwenye beseni, nimepanga upya kila kitu ili kusiwe na mtu anayejua eneo lake. Vifuu vya nazi saba, nimevichemsha, nikavitoboa MATUNDU MAWILI kila kimoja, sio moja, maana kwenye tundu moja aliyejificha anakuwa amejifungia na adui yupo mlangoni. Bomba la plastiki la inchi mbili nimekata vipande vitatu. Mimea ya juu, yale maua ya maji yanayoelea yenye mizizi mirefu kama ndevu, nimejaza nusu ya uso wa maji, nusu nyingine nimeacha wazi wavute hewa.

Kipimo changu kilikuwa hiki, nachutama nakaa usawa wa samaki upande mmoja, nikiweza kuona kioo cha upande wa pili bado, naongeza kitu. Mwisho nilikuwa nachungulia sioni hata nusu. Lengo ni kwamba anayekimbia akikata kona moja tu asionekane, na asiyeonekana anasahaulika. Hawana kinyongo hawa, wana macho tu.

(Ile mimea inakua haraka balaa, kila wiki napunguza beseni zima. Usitupe mtaroni, ianike juani ife kabisa ndo utupe. Tunajua magugumaji yalichofanya Ziwa Victoria, hatuhitaji mengine.)

Konda nimemrudisha wa mwisho. Kaingia anashangaa kama mtu aliyerudi kijijini akakuta barabara ya lami.

Siku ya 20

Wiki nzima nzuri. Fukuza zipo ila fupi. Kitu kingine kilichosaidia ni chakula, zamani nilikuwa namwaga punje sehemu moja, kona ya kushoto, na wote sita wanakuja pale, ugomvi nnautengeneza mwenyewe mara mbili kwa siku. Sasa naweka kona mbili kwa wakati mmoja, binti upande wake mi upande wangu, tunahesabu moja mbili tatu tunadondosha. Punje tatu tatu kila samaki inatosha, ukizidisha tumbo linavimba na maji yanachafuka.

Mara mbili kwa wiki viluwiluwi vya mbu. Nina ndoo nyuma ya nyumba. Wife akasema "unafuga malaria." Sio uongo, kwa hiyo ndoo imefungwa chandarua na kila siku mbili nachuja yote, hakuna kinachofikia kuwa mbu. Ukiona huwezi kuwa na nidhamu hiyo basi acha, nunua punje tu. Lakini kuwaangalia wakiwinda ni raha, Konda akishakula viluwiluwi anakuwa mpole nusu siku.

Kitenge amebadilika rangi. Alikuja mweupe wenye mabaka ya bluu, sasa ni bluu yenye mabaka meupe. Binti anadai nimembadilisha nikamficha wa zamani. Hawa wa mabaka wapo hivyo, jeni yao haitulii, unanunua samaki mmoja unaishia na mwingine.

Siku ya 27

Umeme umekatika kuanzia saa nne asubuhi mpaka usiku. Pampu imekufa, sponji halina hewa. Samaki wenyewe hawana shida, wanavuta hewa juu, tatizo ni bakteria wa kwenye sponji, hao bila oksijeni wanakufa. Joto nalo, tupo mwezi wa pili, maji yamesoma nyuzi 31 jioni, na maji yakiwa ya moto samaki anaenda kasi kwa kila kitu, kula, kukimbia, kugombana.

Hapo nimefanya kosa langu kubwa la kwanza. Nikasema ngoja nibadilishe maji, ndoo zilikuwa tupu, nkachota moja kwa moja kutoka simtanki la juu ya paa. Maji ya simtanki la paa mchana wa Dar, si uji huo? Nilimwaga ndoo moja ndo nkaweka mkono. Wote wakapanda juu kwa mpigo. Nkatoa haraka, nkaweka chupa za maji baridi zikaelea, ikashuka taratibu. Hakuna aliyekufa ila siku mbili nzima mistari ya kulala kwa wote.

Siku ya 29

Nimeazima kipimo cha matone cha kupimia maji. Amonia 0.5. Inatakiwa sifuri. Nabadilisha lita 25 kila siku, maji yaliyolala, nagusa kwanza kwa mkono. Chakula nusu.

Siku ya 32

Amonia sifuri. Ila Mdogo yupo vibaya, mkia umeliwa mpaka karibu na mwili na pembeni pameweka weupe kama pamba. Sijui ni nani aliyemla, sijamwona mtu akimgusa. Nimemtoa, chombo cha lita 5, chumvi ya mawe isiyo na madini joto kijiko cha chai kimoja kwa lita 4, maji mapya kila siku, jani la mkungu kipande.

Konda kama kawaida nimemshuku yeye. Nimemtoa tena. Ndoo ya jikoni.

Siku ya 35

Konda yupo ndooni na kwenye tangi Pili amechanika tena. Kwa hiyo si Konda. Nimekaa nimetazama saa nzima nimezima taa ya sebuleni. Bi Mkubwa kala kona yake. Kitenge anazunguka. Chumvi yupo kona ya nyuma kushoto chini ya mimea, katulia, kama kawaida yake, huyu ndo nilikuwa nawaambia watu ni mfano wa kuigwa.

Siku ya 38

Jamani.

Asubuhi naenda kuwasha taa naona kona ya Chumvi kuna povu. Viputo vidogo vidogo vimejikusanya chini ya jani la mkungu lililokuwa linaelea, saizi ya kiganja. Kwanza sikushtuka, majike nao mara moja moja wanatengeneza povu, nilishawahi kuona. Nkaenda kuoga. Narudi, Kitenge yupo chini ya lile povu, mistari ya KUSIMAMA, na Chumvi amemzungukia kama kamba, amemkumbatia, Kitenge kaganda kama amekufa, halafu vitu vyeupe kama chenga za sembe vinadondoka na Chumvi anavifuata anaviokota kwa mdomo anavirudisha kwenye povu.

Chumvi ni dume.

Binti akaniangalia akaniambia "baba, si ulisema wote wanawake?"

Hawa wa mkia mfupi, plakati, dume mchanga anafanana na jike kabisa, na kile kidoa cheupe cha tumboni madume wachanga wengine wanacho pia, kwa hiyo kukitegemea hicho peke yake ni bahati nasibu. Njia ya uhakika zaidi ni tochi. Unamweka kwenye chombo cha uwazi, unamulika kwa nyuma, jike mwenye mayai unamwona ana umbo la pembetatu, rangi kama ya njano, nyuma ya tumbo kuelekea mkiani. Dume hana. Tatizo samaki mweusi au bluu mwanga haupenyi, huoni kitu. Sasa mi katika samaki wote sita, yule ambaye ningeweza kumwona mpaka ndani kwa tochi ya simu, siku ya kwanza, bure, ni Chumvi. Yule wa nailoni. Na sikumulika kwa sababu alikuwa mpole!

Angalia pia chini ya shavu, dume ana ngozi inayochungulia kama kidevu chenye ndevu hata akiwa hajafungua mashavu. Chumvi anayo. Nimeangalia picha za siku ya 1, alikuwa nayo kidogo hata wakati ule.

Kufika mchana alikuwa anampiga kila anayesogea mita nusu ya povu, ndo kazi ya dume hiyo, mayai ni yake, jike akishataga anafukuzwa maana atayala. Lakini huyu alikuwa na majike watatu wa kufukuza kwa mpigo. Akimkimbiza Bi Mkubwa huku, Pili anaingia kule anakula mayai. Saa kumi jioni hakuna yai hata moja, na Pili ana tumbo.

Nimemtoa Chumvi usiku. Mkia wa Kitenge ni kama ufagio wa chelewa.

Siku ya 39, ni hasira tu

Nimerudi kwa muuzaji, kaniangalia akasema "kaka, huyo atakuwa amebadilika akiwa kwako." Sikubishana. Nilinunua na chumvi ya mawe pale pale nkaondoka.

Ila muuzaji simlaumu peke yake. Mimi ndo niliandika kwenye hii shajara mara nne kwamba Konda ni tatizo. Nimesoma tena kuanzia mwanzo. Siku ya 9 Pili kachanika, nani alikuwa karibu na sponji? Sikuandika. Niliandika Konda kwa sababu Konda anaonekana, anafanya fujo katikati ya tangi mchana kweupe, na kelele nyingi si meno mengi. Chumvi alikuwa anauma kimya kimya kwenye kona yake na anarudi kusimama kama shehe.

Siku ya 44

Mdogo amefariki. Pamba ilirudi, safari hii mdomoni, na asubuhi alikuwa chini. Alikuwa ameanza kula vizuri, juzi alikula viluwiluwi vinne nkasema ameshapona. Tumemzika kwenye kopo la mrehani. Binti hajataka kuongea mpaka jioni.

Ningemtoa siku ya 9 alipojificha nyuma ya sponji badala ya kumtoa Konda, nadhani angekuwepo. Kosa la kumtoa mkorofi ni kwamba unamwacha mgonjwa humo humo ndani.

Siku ya 46

Chumvi ana tangi lake la lita 20 juu ya kabati, anajenga povu kila siku, anapendeza sana kwa kweli. Nimeweka kadibodi katikati yake na tangi kubwa, wakionana kutwa nzima anachoka bure, na akichoka anaanza kujiuma mkia mwenyewe, wapo wanaofanya hivyo. Dakika mbili kwa siku natoa kadibodi, anafungua mashavu anajinyoosha, narudisha. Mazoezi.

Konda kaenda tangi kubwa na nyumba imevurugwa tena upya. Wapo wanne, Konda, Bi Mkubwa, Kitenge, Pili. Vyombo vitatu vya akiba vimeoshwa vipo chini ya meza na vifuniko vyake. Hivi vilitakiwa vinunuliwe kabla ya samaki, kabla hata ya tangi. Mtu akiniambia anataka kuweka majike pamoja swali langu la kwanza sasa ni una vyombo vingapi vya pembeni, akisema sina namwambia basi nunua dume mmoja mzuri uishi kwa amani.

Siku ya 58

Mvua za masika zimeanza, maji nyuzi 27, kila mtu kapoa. Konda siku kumi na mbili hajachana mtu. Anafukuza, ndiyo, hasa asubuhi kabla ya kula, anazunguka tangi zima anahakikisha kila mtu yupo kisha anarudi kwenye kifuu chake. Mikia inaota, ile sehemu mpya ni laini haina rangi, kama kucha ya mtoto.

Nimemulika tochi wote wanne. Pili pembetatu inaonekana. Konda inaonekana ukimgeuza. Kitenge na Bi Mkubwa weusi mno, sioni, ila Kitenge alitaga mbele ya macho yangu kwa hiyo yeye ana cheti.

Bi Mkubwa ndo sina uhakika naye hata kidogo jamani na naomba Mungu.

Siku ya 71

Bi Mkubwa katokea na mistari ya kusimama na tumbo limejaa mayai, nimekaa chini nimepumua.

Bado wanagombana yeye na Konda kwenye chakula, kona ya kulia, sababu binti siku hizi anachelewa kuhesabu tatu. Pili amenenepa. Shemeji anataka Chumvi nimuuzie, nimemwambia ngoja kwanza, nataka nimwozeshe Kitenge rasmi, kwenye chombo chao, niwe na viluwiluwi vidogo vya kutosha kabla. Wakija watoto ntaandika, ila hao madume wakifika miezi miwili mitatu kila mmoja anataka chupa yake na nyumbani hapa chupa za juisi zimeshaanza kuhesabiwa.

Kesho Jumapili nabadilisha lita 30. Majani ya mkungu yamebaki mawili, nimempa binti mfuko, kuna mti mkubwa getini shuleni kwao, aokote Jumatatu, ya kahawia tu, ya kijani ayaache.